Mama Wawili Mezani

Mama wa nyumba ile alikuwa ameketi mezani anachambua mchele. Upande wa pili wa meza, kwenye ungo uleule, alikuwa ameketi mama wa nyumba ile anachambua mchele. Mmoja akiona jiwe, mwenzake ameshalitoa.

Afande Chekecheke aliwatazama kutoka mlangoni mpaka macho yakamcheza. Kitambulisho chake cha kazi kilikuwa na jina refu la heshima, lakini mji mzima ulimwita Chekecheke, kwa sababu maneno ya watu yakipita kwake unga hushuka na makapi hubaki juu. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye magoti yaliyolalamika kila alipoketi. Kwa hiyo alipenda kusimama.

"Nani aliyeita ofisi?"

"Mimi hapa, Afande," alisema fundi viatu, jirani ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wa nyumba. Alikuwa bado na nyundo mkononi. "Nilimwona mama anaingia na ndoo ya maji. Nikagonga msumari, nikainua kichwa, nikamwona mama anaingia. Mimi sinywi siku za kazi."

"Hukumwona akitoka katikati?"

"Angetoka angenisalimia. Yule wa kwanza alinisalimu vizuri tu. Huyu wa pili aliniuliza kama nyumba yenyewe ndiyo hii."

Chekecheke aliliweka hilo akilini, akawageukia wenye nyumba. Walikuwa wawili, wamesimama ukutani bega kwa bega kama watoto waliovunja kitu. Kaka alikuwa fundi saa, mtu wa kuvaa lenzi jichoni na kuona skrubu ndogo kuliko chawa. Dada yake alikuwa muuza dawa. Wote wawili walizaliwa humo na walikuwa bado wanaishi humo, na asubuhi hiyo mama yao alikuwa amezidi mmoja.

Katika mji ule wageukaji walikuwa watu wa kazi kama wengine. Walikodishwa kusimama badala ya mtu kwenye foleni, kwenye vikao vya ukoo visivyokwisha, hata kwenye picha za harusi. Kuna diwani mmoja aliyewakilishwa hivyo mpaka akastaafu, na siku ya kumuaga ikabainika kwamba watu walikuwa wanamlilia yule mgeukaji. Hakuna aliyewachukia. Ila sheria zao zilijulikana hata na watoto wa chekechea.

Ya kwanza: mgeukaji akivaa uso wa mtu hawezi kusema uongo. Uongo ukimtoka, sura humporomoka kama plasta ya ukuta ulioloa. Ya pili: kuvaa uso wa mtu aliye hai kunataka ruhusa, na ruhusa ni uzi uliochomolewa kwenye nguo ya mwenye uso, akaufunga yeye mwenyewe mkononi mwa mgeukaji. Uzi huo hauonekani mpaka uso uvuliwe, na pasipo uzi ni wizi wa uso. Aliyevaa, na aliyemtuma kuvaa, hupakiwa kwenye gari la darajani, huvushwa ng'ambo, na tangu daraja lijengwe hajarudi mtu.

Ya tatu ndiyo iliyowapa wapelelezi vidonda vya tumbo. Ni marufuku kumuuliza mtu kama yeye ni yeye. Zamani watu waliulizana hovyo, mke akamuuliza mume mbele ya wakwe, mtoto akamuuliza baba makaburini, na heshima ikaisha mjini. Ndipo ikapigwa marufuku, moja kwa moja au kwa mzunguko. Unaruhusiwa kuuliza habari za jirani yake tu, jambo ambalo mji ule ulikuwa na kipaji nalo tangu mwanzo.

"Gari liko njiani," alisema Chekecheke. "Mmoja wa hawa atapanda. Nikikosea, atapanda mama yenu. Kwa hiyo nisaidieni. Nipeni swali la nyumbani."

Kila nyumba ilitakiwa kuwa na swali la nyumbani, jambo moja linalojulikana na wa ndani tu, walilokubaliana kwa ajili ya siku kama ile.

Fundi saa alimtazama dada yake. "Tulikuwa nalo."

"Liko wapi?"

"Alikuwa nalo baba."

"Na baba?"

"Tulimzika, Afande."

"Poleni. Hamkuweka jingine?"

"Tulisema tutaweka Jumapili," alisema dada.

"Jumapili ipi?"

"Tulikuwa tunasema kila Jumapili."

Mama wawili waliendelea kuchambua mchele. Chekecheke alivuta pumzi.

"Haya, tutatunga letu. Mama anapenda kula nini?"

"Mama hachagui," alisema kaka.

"Hachagui, au hajaulizwa?"

"Yeye hula baadaye. Sisi tukishamaliza."

"Hula nini baadaye?"

Dada alisema kwa sauti ndogo, "Kilichopo."

"Hulalia ubavu gani?" Kaka alikuna kidevu. "Akiwa peke yake huimba?"

"Mama? Mama haimbi," walisema wote wawili, wakafurahi kidogo kwamba wamepata jibu.

"Hutumia mkono gani?"

"Kulia," alisema kaka.

"Kushoto," alisema dada.

Mezani, mikono minne iliondoka kwenye ungo ikaingia chini ya meza.

"Anaogopa nini?"

Dada alijifunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimefunguka. Kaka alitoa saa mfukoni, akaitazama kana kwamba jibu liko ndani yake, akairudisha. Mlangoni fundi viatu alikohoa.

"Afande, niruhusu nikasimame nje. Naona aibu, na wala si mama yangu."

"Kaa hapo. Wewe ni shahidi."

Chekecheke aliwageukia waliokuwa mezani. "Mama zangu, samahani kwa usumbufu. Nimetembea sana. Naomba mnichemshie chai."

Waliinuka pamoja. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu, akapeleka mkono nyuma ya taa bila kuangalia, akashusha kopo la majani ya chai. Mwingine alifungua kabati akakuta pasi. Akafungua la pili akakuta mtego wa panya, akaufunga haraka lakini kwa adabu.

"Huyo hapo!" alisema dada. "Wa jikoni. Anajua kila kitu kilipo. Afande, mama yetu ndiye huyo."

"Kaka mtu unasemaje?"

"Ndiye," alisema fundi saa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia. "Ndiye. Lakini... yule mwingine naye si lazima apelekwe darajani, Afande. Anaweza kuwa amepotea njia tu."

"Amepotea njia akaangukia kwenye uso wa mama yako?"

Fundi saa alijifuta jasho kwa kiganja.

Mambo yalikuwa yamenyooka. Mmoja anajua jiko, mwingine alimwuliza fundi viatu nyumba iko wapi. Mtoto asingeshindwa. Nje, honi ya gari la darajani ililia mara moja, kwa uvivu, kama mtu anayepiga miayo.

"Kabla sijataja," alisema Chekecheke, "kila mmoja lazima asikilizwe. Mama wa jikoni, nakuuliza habari za jirani yako. Huyu aliyesimama karibu na kabati ni nani?"

"Sijui jina lake," alisema mama wa jikoni akipuliza moto. "Ila mama yao si huyo."

"Na wewe, mama wa kabati. Huyu wa jikoni?"

"Nimekuja leo, sijui mengi." Sauti ilikuwa ileile, hata mkwaruzo wake. "Lakini harufu naijua. Huyo si mama yao."

Chekecheke alizitazama nyuso. Hakuna kilichoporomoka. Mikunjo ilikaa mahali pake, nyusi zilikaa, kidevu kilikaa. Alimwashiria dereva wa gari kupitia dirishani, akainua kidole kumwonyesha mama wa kabati.

Kidole kiliishia njiani.

Akakirudisha, akavuta kiti, akaketi. Magoti yalilalamika, hakuyasikiliza.

"Nusura nifanye ujinga," alisema. "Na kazi hii nimeifanya mpaka nywele zimebadilika rangi. Fundi saa, njoo ukae hapa. Tuchukulie kwamba wa jikoni ndiye mama yenu."

"Ndiye, Afande."

"Basi wa kabati ni mgeukaji."

"Ndiyo."

"Na huyo mgeukaji, akiwa amevaa uso wa mtu, amemtaja mama yenu mzazi akasema, huyo si mama yao. Hilo ni kweli au uongo?"

"Uongo."

"Mwangalie usoni."

Fundi saa alimwangalia. Uso ulikuwa mzima kama sahani mpya.

"Kwa hiyo hakusema uongo," alisema Chekecheke. "Kwa hiyo wa jikoni si mama yenu. Sasa geuza upande. Tuseme wa kabati ndiye mama. Basi wa jikoni ndiye mgeukaji, na yeye naye amemkana mama halisi. Uso wake umeanguka?"

"Haujaanguka," alisema dada, na alivyolisema aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

"Kila mmoja amesema kweli juu ya mwenzake. Mama yenu hayumo humu."

Chai ilichemka ikamwagikia moto, na mama wa jikoni, au yeyote aliyekuwa, akaitoa kwa ncha ya kanga bila haraka.

"Mnaweza kupumzika sasa," Chekecheke aliwaambia wale wawili.

Waliachia. Ngozi ziliteremka kama mashuka yanayoanuliwa kwenye kamba, na waliobaki walikuwa viumbe warefu wa rangi ya majivu, wenye macho kama visosi na pua ya kukisia. Mmoja, yule wa jikoni, alikuwa na uzi wa bluu mkononi, umefubaa, umefungwa kwa fundo la mtu asiye na haraka. Mkono wa yule mwingine ulikuwa mtupu.

"Nani alikutuma?" Chekecheke alimuuliza huyo wa mkono mtupu.

Mgeukaji alimtazama fundi saa, akainamisha kichwa. Fundi saa alishika ukingo wa meza.

"Ni mimi," alisema. "Niliamka sikumwona. Nikatafuta chumbani, uani, kwa majirani. Nikasema niende nikaripoti. Nilifika mpaka ngazi za ofisi yenu, Afande. Pale mlangoni wameandika kwa herufi kubwa wanachouliza kwanza. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Sikuwa na jibu." Alisugua macho. "Jana? Nilisikia vyombo jikoni. Juzi shati langu lilikuwa limepigwa pasi. Lakini kumwona, Afande, yeye mwenyewe, nikamtazama... Nilisimama pale kwenye ngazi nikashindwa. Ningemwambia nini dada yangu? Kwamba mama amepotea na sijui amepotea lini? Nikaenda wanakokaa wageukaji wa foleni, nikampa picha ya ukutani. Nilisema mpaka nimpate mwenyewe. Natangulia nyumbani, mama yuko jikoni, na kabla sijarudi kumzuia huyu ameshaingia."

"Nilikuambia," alisema yule mgeukaji wa mkono mtupu. "Nilikuambia, kaka, yule ana harufu yetu, si mama yako. Ukaniambia ninyamaze."

"Nilidhani unatetea kibarua chako."

Dada alikuwa bado sakafuni. Alimtazama mgeukaji wa jikoni, mwenye uzi, kwa muda mrefu. Alipouliza, aliuliza taratibu.

"Mama yuko wapi?"

Mgeukaji alishusha mabega. "Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," alisema. "Mwanzoni aliniomba nimshikie nafasi jioni moja. Akarudi. Halafu jioni mbili. Halafu akaja akanifunga fundo jipya akasema, 'Sasa kaa mpaka waulize niko wapi.' Nimekaa. Leo nilikuwa nimekwenda kwa watu wangu, kuna msiba, nikachelewa kurudi. Ndiyo hapo kaka alipoona kitanda kitupu."

"Tangu lini?" aliuliza Chekecheke.

"Mvua zimekuja zikaenda, zikaja tena."

"Lakini tulikuwa tunakuita mama," alisema dada. "Kila siku."

"Mlikuwa mnaita, mimi naitika. Kuitika si kusema." Kiumbe kile kilitafuta pa kuweka macho yake makubwa. "Dada, mara nyingi nilitamani uniulize kitu chochote, nishindwe kujibu, mambo yaishe. Mliniuliza soksi ziko wapi. Soksi nilizijua."

Mlangoni fundi viatu alikuwa ameugeukia ukuta.

Chekecheke aliinuka. "Wizi wa uso upo, na aliyetuma amejitaja. Lakini mwenye uso ndiye mwenye kesi. Tunakwenda kwake. Akisema neno, fundi saa, wewe na uliyemtuma mnapanda gari. Bi mwenye uzi, tuelekeze."

Walielekezwa mitaa miwili tu. Mitaa miwili. Dada aliipita barabara hiyo kila akienda kufungua duka la dawa, na alivyokuwa anatembea sasa alitazama chini njia nzima. Gari la darajani liliwafuata nyuma mwendo wa kobe, na watu wakatoka madukani kuona linamfuata nani.

Ilikuwa karakana ya magodoro, bohari refu lenye vumbi la pamba linaloelea kama ukungu. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakishindilia pamba na kushona kingo kwa sindano ndefu kama penseli. Katikati yao mmoja, nywele zimejaa pamba, alikuwa anasema na sindano ikitembea hewani.

"...akasema, mimi godoro langu nataka manyoya ya jogoo, na ya jogoo tu. Tukamshonea. Kesho yake kalirudisha mgongoni, macho mekundu. Kisa? Alfajiri limewika. Mke kaamka, watoto wameamka, jirani kaja kulalamika. Nikamwambia, basi baba, tukuwekee ya kuku jike. Akakubali. Akalala, akalala, asubuhi anageuka anasikia kitu kigumu ubavuni..."

Wenzake walikuwa wameshaanza kucheka kabla ya yai kufika. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, kichwa nyuma, mdomo wazi, kofi likipigwa pajani, kicheko kinene cha kutoka tumboni kilichomfanya mwanamke wa pembeni kumwegemea asianguke.

Kizingitini fundi saa alitikisa kichwa.

"Siye," alisema. "Afande, tumepotezwa. Huyu siye. Mama yetu hacheki."

Hakuwa amekusudia kusema kwa nguvu, lakini kicheko kilikuwa kimekatika kwa sekunde hiyohiyo, na neno lilitembea bohari zima mpaka mwisho. Sindano zilisimama. Yule mwanamke mwenye pamba nywelini alifunga mdomo, akageuka.

Dada alisema, "Mama." Kaka aliinamia viatu vyake.

"Mwacheni," mama aliwaambia wenzake waliokuwa wameanza kuguna. "Ana haki yake. Hata mimi ilinichukua muda kujizoea."

Chekecheke alieleza shauri kwa maneno machache: mgeukaji asiye na uzi, picha ya ukutani, mtoto aliyetuma, gari lililoko nje linaloungurumisha injini. "Uso ni wako, mama. Kesi ni yako. Ukisema neno moja tu, wanavushwa wote wawili."

Mama aliukata uzi kwa meno, akafikiri.

"Unasema huyu ameiba uso wangu?"

"Ndiyo sheria inavyosema."

"Huyu huyu, aliyesimama hapo sasa hivi mbele yako, akaniangalia, akasema haujui?" Alichomeka sindano kwenye pamba. "Afande, wewe ni mtu wa kuchekecha maneno. Mtu anaibaje kitu asichokijua?"

Chekecheke alilichekecha. Alitafuta kapi, hakuliona. Alitoka mpaka kwenye mlango, akampungia dereva mkono aende zake, na gari likageuza likiacha moshi.

Fundi saa alilisindikiza kwa macho mpaka kona. Angalau kwenye gari angekaa nyuma, gizani, pasipo mtu wa kumtazama.

"Sasa msisimame mlangoni mkanizibia mwanga," alisema mama. Alisogea kwenye benchi. "Dada mtu, shika kona hiyo ya godoro, vuta. Vuta, hivyo si kuvuta. Wewe, kaa hapa. Nimekatizwa hadithi na wenzangu wananidai yai."

Akaianza upya tangu mwanzo, kwa ajili ya wageni. Godoro liliwika, jirani alilalamika, bohari likaangua kicheko mahali palepale. Dada alicheka na kulia kwa pamoja, kona ya godoro ikimponyoka. Fundi saa hakucheka. Alikuwa amekaa karibu kuliko alivyowahi kukaa, anamtazama mama yake mdomoni, kwenye mapengo ya meno, na hakuna hata pengo moja alilojua lilianza lini.